Bwana Majivuno wa Rubondo

Katika Rubondo, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, neno majivuno lilikuwa na mwenyewe. Wengine waliliazima tu, leo huyu na kesho yule: binti aliyekuja kwenye bomba la maji na viatu vya kisigino, mtu aliyejibu salamu kwa Kifaransa, hata jogoo wa Mama Pascaline aliyekuwa akiwika mchana kweupe bila sababu. Lakini mtu akisema, "Nimepishana na Majivuno njiani," hakuna aliyeuliza ni nani. Alikuwa Nicodème, mkulima wa maharage, baba yake Sonia, juu ya baiskeli yake isiyo na breki, akipiga kengele hata pale ambapo njia ilikuwa tupu.

Nicodème hakuwa mtu mbaya. Hakuiba, hakugombana na watu, na jembe lake halikujua kulala. Ila mdomo wake ulitangulia miguu yake siku zote. Maharage yake, alisema, yalikuwa yakiota kabla ya mvua kwa sababu yalimwogopa. Mbuzi wake mmoja, jike mwenye sikio lililokatika, alisifiwa kwa jina na kwa ukoo, jinsi watu wa kwao Makamba walivyokuwa wakisifu ng'ombe. Na juu ya yote ilikuwako habari ya cherehani. Hiyo kila mtu aliijua kwa moyo: jinsi alivyokimbia Burundi na kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake mwenyewe, akapita Tanzania, akavuka mto Kagera, akafika Nakivale, wala hakukiweka chini hata kufuta jasho. Aliisimulia kwenye bomba, kwenye foleni ya mgao wa chakula, na nje ya kanisa watu wakitafuta viatu vyao. Watoto walikuwa wakiimaliza kabla yake.

Mkewe Cansilde aliijua kuliko wote, na aliichoka kuliko wote. Kila Nicodème alipofika kwenye neno "nikavuka", mama huyo aliinuka kwenda kutazama chungu, hata kama jikoni hakukuwa na moto. Watu walidhani ni haya za kuwa na mume mwenye domo. Zilikuwa haya kweli, lakini hazikuwa haya peke yake.

Siku Sonia alipopiga simu kutoka Mbarara kusema kwamba Mzee Rwakabuba wa Nyamitanga angekuja Jumamosi kumposea mwanawe Nehemiya, Cansilde alipiga kigelegele, halafu akakikata katikati. Furaha iliyokuwa ikitoka ilikutana mlangoni na hofu iliyokuwa ikiingia.

Sonia alikuwa fundi wa kushona kwenye kibaraza kimoja karibu na soko. Nehemiya aliuza vitambaa mlango wa pili. Walipendana polepole, huyu akikata mita tatu, yule akisema zimepungua, mpaka ikawa kitambaa hakipungui tena. Kijana alikuwa mpole na mchapakazi. Tatizo lilikuwa ukubwa wa kwao: Wanyankore wenye ng'ombe, nyumba ya vigae na geti la chuma. Rwakabuba mwenyewe alikuwa mwanajeshi ujanani, kisha akawa mfanyabiashara wa ng'ombe. Na mtu wa namna hiyo alikuwa anakuja kukaa Rubondo, juu ya viti vya kuazima vya kanisa, mbele ya Bwana Majivuno.

"Mama Sonia," akasema Pascaline, jirani yake Mkongomani wa Fizi, aliyekuja na samaki wa kuuza na shauri la bure. "Bale bageni bakifika, bwana yako atabaambia nini?"

"Atawaambia yote."

"Ya mbuzi?"

"Ya mbuzi, ya maharage, na ya cherehani."

Pascaline akajishika kichwa kwa mikono miwili yenye magamba ya samaki. "Yesu wangu! Batu ya ng'ombe mingi, yeye anabasifia mbuzi ya sikio moja! Batarudia kwabo mbele chakula haijaiva. Umufunge domo, mama. Hata jogoo, ukimufunika na kitunga, ananyamazaka."

Walicheka mpaka samaki mmoja akaanguka vumbini. Lakini Pascaline alipoondoka, Cansilde hakucheka tena. Sonia alikuwa binti yake mmoja, na huko mjini, aliwaza, hakuna aliyejua jina wanaloitwa kwenye bomba. Je, mtoto apoteze mume kwa sababu ya domo la baba yake? Akaingia ndani, akatungua rozari iliyoning'inia juu ya kitanda, ile ya marehemu mkwe wake, akaenda nayo shambani.

"Baba Sonia, shika hii."

Nicodème aliangusha jembe. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Shika, uape kwamba wageni wakija hutajivuna."

"Mimi?" Nicodème akacheka kwa moyo mweupe. "Mimi niko najivuna lini? Mimi nasema tu vitu vyenye viko."

"Kwenye bomba watu wanakuitaje?"

"Baba Sonia."

"Wanakuita Majivuno. Na mimi ni Mke wa Majivuno. Nikienda kuchota maji wananiuliza kama mbuzi wetu amepata pasipoti. Wakiona nimevaa kitenge kipya wanauliza kama nacho kimevuka Kagera kichwani." Akamsogezea rozari. "Nimevumilia, maana ni mimi. Lakini si siku ya mtoto wangu."

Nicodème aliinama akang'oa gugu moja kati ya maharage yake. Hakuwa mjinga, jina lile alikuwa amelisikia, ila alikuwa akilipita kwa baiskeli.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe uko unaniitaje, moyoni?"

Cansilde hakujibu. Ndege wawili walitua kwenye mistari ya maharage wakaanza kudonoa, na kwa mara ya kwanza Nicodème hakuwafukuza. Alinyoosha mkono akaishika rozari.

"Naapa," akasema polepole. "Jambo la kujisifu halitatoka kinywani mwangu mpaka wewe mwenyewe uniruhusu."

"Ukisikia neno linapanda, tia mrija mdomoni," Cansilde akamshauri, akiwa tayari amepata nafuu. "Pombe ya mtama itakuwapo. Unyonye tu."

*

Jumamosi ilifika safi. Ua ulifagiwa, viti vya kanisa vilipangwa huku maandishi ya parokia yakielekezwa ukutani ili wageni wasiyaone. Pascaline alileta sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wakubwa kuliko aliokuwa akiuza. Katikati ya ua kilisimama chungu cha pombe ya mtama, mirija imechomoza juu yake. Sonia alikuwa ndani na wasichana wenzake, kwa maana posa ikiendelea binti haonekani mpaka aitwe. Cansilde naye alikaa nyuma ya pazia la mlango, mahali pa kuona na kusikia, rozari mkononi.

Rwakabuba alishuka kwenye gari akiwa mrefu, kofia kichwani na fimbo ndefu mkononi. Nyuma yake walikuja wazee wawili na Nehemiya katika suti iliyombana kwapani. Salamu zilikwenda vizuri. Katekista Vénant, msemaji wa upande wa binti, alikaribisha kwa maneno ya kupendeza. Rwakabuba alionja maharage, akaonja tena, akauliza kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Mzee, hii maharage tamu namna hii iko ya nani?"

Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya uzio walianza kutabasamu mapema.

"Ya Mungu," akasema Nicodème, akatia mrija mdomoni.

Mbuzi akapita, akamnusa mgeni goti. "Na hii mbuzi? Naona iko na mafuta."

"Mbuzi tu," akasema Nicodème, akanyonya tena.

Nyuma ya pazia Cansilde alifumba macho kwa shukrani. Hata hivyo kitu kidogo kilimchoma, maana yule mbuzi alikuwa mzuri kweli, na mtu angeweza kusema hata neno moja.

Mambo yakaendelea hivyo, swali na mrija, swali na mrija, mpaka uso wa Nicodème ukaanza kung'aa na chungu kikaanza kupungua. Ndipo Rwakabuba aliposimama. Alivua kofia akampa Nehemiya. Akaenda katikati ya ua, akainua fimbo, na sauti ikamtoka kwa kasi, mstari mzima kwa pumzi moja, kwa lugha ya kwao. Warundi walikamata nusu yake na nusu iliyobaki wakaipata kwa mikono yake:

"Mimi ni Asiyeulizwa-Njia! Niliwanywesha ng'ombe kiangazi ambacho mto ulijificha! Nilimfuata Mwenye-Pembe-za-Mwezi siku ya wezi, nikamrudisha akinilamba mkono!"

"Eee!" wakaitikia wale wazee wawili kila mstari ulipokatika. "Eee!"

Alijivuga kwa ujana wake, kwa vita, kwa mke wake, kwa mwanawe aliyesimama pale na suti ya kubana. Hata watu wa uzioni walianza kuitikia. Alipomaliza alikuwa akihema kwa raha. Akaichomeka fimbo yake ardhini mbele ya miguu ya Nicodème, akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja.

Nicodème aliitazama ile fimbo. Kifua chake kilipanda. Midomo ikafunguka. Cansilde, kwa kuona midomo ile, alitoa mkono nje ya pazia akaitikisa rozari. Nicodème aliiona. Midomo ikafungika. Akainama juu ya chungu, akashika mrija, akanyonya mpaka chungu kikakoroma.

Rwakabuba akainama kumtazama.

"Mzee?" akaita Rwakabuba.

"Sina la kusema," akajibu Nicodème, macho chini.

Rwakabuba alichukua kofia yake kwa mwanawe akaivaa taratibu. Uso wake haukuwa na hasira kama ulivyokuwa na maumivu. "Mimi natoka Nyamitanga. Mimi navua kofia, mimi najivuga mbele yako, na umri yangu hii. Wewe nakunywa pombe. Kijana yangu nasema, 'Baba ya msichana najua kujivuga kushinda watu yote ya Nakivale.' Wiki mzima mimi nafanya mazoezi mbele ya ng'ombe! Sasa wewe naona mimi hapana tosha hata jibu moja?" Akawageukia wenzake. "Twende. Hii nyumba iko na majivuno sana."

Katekista Vénant alifungua mdomo akausahau wazi. Gari likawaka, Nehemiya akigeuka nyuma kila mara kutazama mlango, na vumbi likabaki juu ya viti vya parokia. Kwenye uzio majirani walitazamana. Miaka yote hiyo walimwita mtu yule Majivuno kwa kusema, na leo mgeni alimwita hivyohivyo kwa kunyamaza, na hakuna aliyejua acheke wapi.

*

Sonia alitoka ndani na gauni aliloshona mwenyewe, machozi yakiharibu poda.

"Baba, kwa nini hukumjibu?"

"Muulize mama yako," akasema Nicodème. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ameshiba pombe na huzuni kwa kipimo kimoja.

Cansilde akaeleza: rozari, kiapo, mrija. Alipokuwa akieleza aliona uso wa binti yake ukibadilika, na maneno yakamwishia.

"Mama," akasema Sonia, "mimi ndiye niliyewaambia habari za baba. Niliwaambia kwa furaha. Kwao siku kama hii mwanamume anajivuga, anachomeka fimbo, na mwenyeji anaing'oa na kumjibu. Usipoing'oa, umemwambia si saizi yako. Mimi nilikaa humo ndani nikisema, leo baba atawamaliza! Nilikuwa nimewaahidi wasichana wote."

"Hukuona haya?" Cansilde akauliza kwa sauti ndogo. "Habari ya mbuzi, ya cherehani?"

"Haya? Wateja wakisifu mshono wangu nawaambia, mashine niliyojifunzia ilikuja juu ya kichwa cha baba yangu."

Cansilde alikaa juu ya kiti cha parokia. Kwa hiyo mtoto hakuwa na haya. Haya zote zilikuwa zake, na alikuwa amemvika mtoto bila kumpima. Akamgeukia mumewe.

"Na wewe ulijua maana ya fimbo?"

"Hata kwetu wazee walikuwa wakijivuga," akasema Nicodème. "Ilipochomekwa nilijua. Nilikuwa na maneno mpaka hapa." Akagusa koo.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niliapa. Kwako."

Cansilde alitaka kulia akajikuta anacheka, kisha akalia kweli. Watu wote walisema mume wake hana breki, na leo alikuwa amefunga breki mbele ya mkwe, mbele ya majirani, mbele ya fimbo, kwa sababu yake. Katikati ya ua ile fimbo ilikuwa bado imesimama. Rwakabuba kwa uchungu alikuwa ameisahau. Mbuzi wa sikio moja alikuwa akijikuna nayo.

"Ondoka hapo wewe," Cansilde akamwambia mbuzi, akifuta macho. "Hiyo kesho inarudi kwa mwenyewe."

*

Jumapili, baada ya misa, walikwenda Mbarara, wakavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu hadi Nyamitanga: Nicodème na koti lake la harusi na ubatizo, Cansilde na kikapu cha maharage, Sonia na fimbo iliyofungwa kwa kitambaa. Kengele za kanisa zilikuwa zikilia juu ya kilima. Nicodème, ambaye siku nyingine angewaambia wapita njia kwamba Kirundi chake kinaeleweka mpaka mbinguni, alitembea kimya.

Getini waliambiwa wangoje. Walingoja. Msichana wa kazi aliwaletea viti viwili vya plastiki nje ya geti, kwa watu watatu, na maji katika vikombe. Sonia aliyatazama yale maji akauma mdomo. "Hapa mgeni anapewa maziwa," akanong'ona. "Maji ni ya mtu anayepita." Cansilde aliyanywa yote, tone kwa tone, kwa sababu aliona anastahili.

Mwishowe geti likafunguka. Rwakabuba alisimama pale, kofia kichwani, Nehemiya pembeni yake, na mama mnene mwenye uso wa ucheshi nyuma yao, mke wake, Goretti.

"Fimbo yako, mzee," akasema Cansilde. "Na kosa ni langu. Mimi nilimfunga mdomo kwa rozari. Kwetu wanamwita mtu wa majivuno, nikaogopa mtakimbia. Leo namfungua." Akamgeukia mumewe. "Baba Sonia, nimekuruhusu. Sema."

Nicodème aliishika fimbo. Akaichomeka, akaing'oa, akaichomeka tena. Akakohoa. Watu waliokuwa wakitoka kanisani walianza kusimama barabarani.

"Mimi..." akasema. Akasimama.

"Ehe?" akasema Rwakabuba.

"Mimi ni... mkulima."

Jasho likamtoka. Yale maneno yaliyokuwa yakimmwagika hata kwenye foleni ya mgao yalikuwa yamekimbia. Cansilde aliona ni yeye aliyeyafukuza, siku ile shambani, alipoulizwa swali moja akanyamaza. Aliona kichwa cha mumewe kinainama, aliona mkono wa Rwakabuba unarudi kwenye geti, aliona Sonia amefumba macho. Akasogea mbele. Maishani mwake hakuwahi kusimama kusifu kitu mbele ya watu, hata kikapu chake.

"Huyu," akasema kwa nguvu, sauti ikipasuka, "ni Nicodème wa Makamba! Alikimbia vita na... na meza ya cherehani mgongoni!"

"Kichwa," akasema Nicodème. "Si meza."

"Kichwa cha cherehani mgongoni!"

"Kichwani! Kichwa juu ya kichwa!"

"Akatembea nacho mpaka Ngarama, akachoka, akakipakia kwenye gari!"

"Gari?" Nicodème akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Gari gani? Nani amepanda gari? Mama Sonia, unaharibu!" Na akaing'oa fimbo ile, akaiinua, na kifua chote kikafunguka:

"Mimi ni Asiyeweka-Chini! Mwana wa Makamba, ninayelima maharage mpaka mvua inaomba ruhusa! Niliacha nyumba, niliacha ng'ombe, cherehani sikuacha!"

"Eee!" akaitikia Nehemiya, kabla ya baba yake.

"Walisema, tupa chuma hicho, okoa shingo! Nikasema, shingo ni yangu, chuma ni cha binti yangu! Nilitembea nacho usiku, kikanifundisha kusimama wima! Mwenye mbuzi wa sikio moja, anayesikia kwa hilo moja kuliko nyinyi kwa mawili!"

"Eee!" Sasa alikuwa Rwakabuba, na mguu wake ulianza kupiga ardhi. Watu wa barabarani waliitikia pia. Sonia alikuwa akicheka na kulia, na Cansilde alisimama akisikiliza ile hadithi aliyoichoka, akaiona ni nzuri, nzuri sana, mpaka aliposikia inakaribia Kagera. Hapo mwili wake wenyewe ukageuka, kwa mazoea, kutafuta chungu cha kutazama. Hakukuwa na chungu. Alikuwa Nyamitanga, mbele ya geti la watu.

"Nikafika Kagera!" akapaza sauti Nicodème. "Mto umejaa, mamba wamepanga foleni! Nikavu—"

Alikuwa ameuona mgongo wa mkewe.

Fimbo ilibaki juu. Watu walingoja, midomo ikiwa tayari kwa "Eee". Nicodème akaishusha.

"Hapana," akasema, kwa sauti ya kawaida. "Sikuvuka." Akapumua, kisha akaanza tena, polepole, mstari baada ya mstari. "Upande wa Karagwe homa ilinitupa chini. Cherehani ilianguka huku, mimi kule. Nikasema, niacheni. Aliyeniokota ni huyu. Cherehani kichwani, mwanetu Rénovat mgongoni, Sonia ameshika pindo la kitenge, na mimi mkononi, nikivutwa kama mbuzi wa mnada! Siku nilipopona niliiweka tena kichwani, nikafika Rubondo nikiringa. Miaka yote nasema 'nikavuka'. Nilivukishwa! Niliona haya kusema, mbele ya wanaume. Leo nasema mbele ya mkwe!"

Cansilde alisimama na kikapu chake. Siku zote alidhani shida yake na majivuno ya mumewe ilikuwa wingi wa maneno. Kumbe ilikuwa uchache. Lilipungua jina moja tu, na jina hilo lilikuwa lake.

"Eee!" Sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilikuwa ya Goretti, na ilipita juu ya geti mpaka ng'ambo ya barabara. "Eeeee! Leteni maziwa! Nani aliwapa hawa watu maji?"

Rwakabuba alikuja akamkumbatia Nicodème, akamwinua kidogo kutoka ardhini, koti la harusi likapasuka mshono. "Sasa mimi nasikia mtu!" akasema. "Hii ndiyo mkwe! Mimi nafukuza mwizi moja tu, na najisifu miaka yote. Wewe nasema hata siku ya kuanguka. Harusi iko! Na hiyo mbuzi ya sikio moja," akaongeza, "mimi nataka mtoto yake."

"Ana ukoo mrefu," akasema Nicodème mara moja. "Kwanza nitakueleza nyanya yake."

Waliingizwa ndani ya geti, viti vya sebuleni vikatolewa uani, maziwa yakaja katika vyombo vya mti vilivyofukizwa moshi. Sonia na Nehemiya walikaa kiti kimoja na hakuna aliyewakemea. Lakini Nicodème hakukaa. Alikuwa bado na ile fimbo. Akaenda mpaka mbele ya mkewe, akaichomeka ardhini mbele ya miguu yake, akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja.

"Wanawake hawafanyi hivyo," akasema Cansilde.

"Hata mimi sijawahi kuona," akakubali Rwakabuba, akivua kofia. "Mama, fanya."

Cansilde aliweka kikapu chini. Akaing'oa fimbo, ikawa nyepesi kuliko alivyodhani. "Mimi ni Cansilde," akasema kwa aibu, na aibu ikamwacha palepale, kwa maana alikuta jina lina vitu vingi nyuma yake. Akaanza na mama yake. Akaja kwenye shamba la kahawa la Makamba, na vyungu alivyofinyanga, na watoto aliowazaa na mmoja aliyemzika, na jinsi alivyokwenda na baiskeli ya mumewe mpaka Ngarama kutafuta mbegu, baiskeli isiyo na breki, na akasimama pale alipotaka. Kila mstari uliitikiwa. Maziwa yalishika utando, watu wa misa ya pili walipita wakarudi, kuku wa Goretti walianza kutafuta pa kulala, na Mama Sonia alikuwa hajafika hata mpaka wa Tanzania.

Nicodème alimsogelea taratibu. "Mama Sonia," akanong'ona, "watu watasema una majivuno."

Cansilde alipiga fimbo chini.

"Eee!" akasema, akaendelea.